Kasi ya Ukucha

Mwezi ukichelewa kuchomoza, ndipo ninapokula.
Hapa Igombe, mwaloni, nachaji betri za taa za dagaa,
elfu moja ile ndogo, elfu mbili ile ya gari,
na daftari la madeni limetundikwa msumarini
ambamo Kashinje wa Kayenze anadaiwa tangu masika.

Leo umeme umekatika. Nimekaa na Limi juu ya jiwe.
Anahesabu taa ziwani, arobaini na tatu, arobaini na nne,
anavuka mpaka bila kujua, anaendelea na nyota,
hamsini, hamsini na moja,
hadi namwambia: hizo hazivui dagaa, mwanangu, hicho ni Kilimia.

"Zilikuwa hivi hivi ulipozaliwa?"
Nikasema ndiyo.
Kisha nikaikumbuka ile karatasi.

Karanga za mwezi uliopita zilifungwa kwa ukurasa wa kitabu,
ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, una doa la mafuta.
Niliusoma nikitafuna. Karanga zilipokwisha nikausoma tena.
Ulisema hakuna nyota iliyotulia.
Kila moja ina safari yake, wala haimuagi jirani.
Hizi alizonionyesha bibi Nkwimba, za kupandia mtama,
zitatawanyika kama watoto wa tumbo moja baada ya matanga:
mmoja Geita, mmoja Kahama,
mmoja hapigi simu.

Ulisema mwezi nao unatuacha,
kila mwaka kwa kadiri ukucha unavyorefuka.
Niliutazama wangu, mweusi kwa grisi.
Nikate kucha mara ngapi
mpaka mwezi uwe mdogo, ushindwe kuliziba jua?
(Ukienda zake kabisa, nitauza kila usiku.
Kashinje hatakuwa na kisingizio.)

Na ziwa hili lilikauka. Lote, nyanza nzima,
juzi tu kwa hesabu ya mawe.
Nyasi zikaota pale penye taa ya arobaini na nne,
wanyama wakapita, pengine na mtu,
akalala chali, akatazama nyota zilizokaa kombo kidogo,
na chini yake hapakuwa na maji ya kuzirudisha.
Jiwe hili lilikuwepo. Lilikuwa tayari jiwe, tayari zee,
kabla samaki wa kwanza hajabuniwa.

Limi analipapasa.
"Kwa hiyo tunalikalia bila kulisalimia?"

Jina lake kwa Kisukuma ni jua.
Alizaliwa mchana wa kiangazi, mgongo wangu ukiungua kwenye mkeka.
Ndiyo maana kuna mstari sikumsomea,
ule wa jua kuzeeka, kuvimba, kuchemsha bahari.
Ana miaka saba.
Yapo madeni ambayo huyaandiki daftarini.

Nilimwambia la mbali zaidi, maana la mbali halitishi:
kwamba makundi makubwa ya nyota yanakimbiana,
na itafika zamu ya watu, kama watakuwepo watu,
watakaotazama juu waone ya kwao tu.
Watadhani ulimwengu ni kijiji chao.
Watahesabu vizuri, kwa uaminifu, na watakosea,
wala hatakuwepo wa kuwasahihisha.
"Halafu?"
Halafu doa la mafuta. Niliuinua ukurasa mbele ya taa,
nikaambulia neno moja, "hatimaye",
na ganda la karanga limegandia pembeni.

Saa saba mwezi ukachungulia nyuma ya mawe, nusu, mwekundu.
Ziwani taa zikaanza kugeuka moja moja kurudi,
kwani dagaa hawaifuati taa penye mbalamwezi.
Limi akahesabu upya, sasa kwa kupunguza:
arobaini na tatu, arobaini na mbili,
akasinzia kwenye thelathini na kitu.

Nikambeba. Mkono wake ukanikwaruza shingoni.
Asubuhi nitamkata kucha.